Mtoto Akitimiza Saba: Nani Anakaa Naye, Nani Anamtunza Baada ya Talaka

Jirani yangu wa Tabata, Dar es Salaam, aligoma kumfanyia mwanawe sherehe ya kutimiza miaka saba. Miaka iliyotangulia alikuwa anapika pilau, ananunua kreti la soda, anawaita watoto wa nyumba za jirani mpaka ua unajaa. Mwaka ule, kimya. Nilipomuuliza alinivuta pembeni akasema kwa sauti ya chini: "Dada, akitimiza saba baba yake anakuja kumchukua. Ndiyo sheria ilivyo."

Walikuwa wameachana mtoto akiwa na miaka minne. Hakuna hakimu aliyemwambia maneno hayo. Aliyasikia kwa wifi yake, na wifi aliyasikia kwa mtu aliyewahi kuwa na kesi. Kwa miaka mitatu mama huyu aliishi na mwanawe kama mpangaji aliyepewa notisi, akihesabu miezi.

Sheria haisemi hivyo. Na hofu ya namna hii nimeikuta kwa wengi, wakiwemo akina baba walioambiwa kwamba mahakamani mwanaume hasikilizwi, wakakata tamaa kabla ya kujaribu. Kila watu maarufu wanapoachana mitandao inawaka, na majibu yanayotolewa humo ni mchanganyiko wa dini, mila za kwao msemaji, filamu za Marekani na kesi ya shemeji wa mtu. Ndiyo maana nimeona tukae tulifumue jambo hili taratibu.

Vitu vitatu, si kimoja

Watu wanaposema "kugombania mtoto" huwa wamefunga pamoja maswali matatu ambayo mahakama huyatazama moja moja.

La kwanza ni malezi, yaani mtoto anaishi na nani: analala wapi, nani anamwamsha kwenda shule, nani anakesha naye akipata homa. La pili ni matunzo, yaani gharama za kumlisha, kumvisha, kumsomesha, kumtibu na kumpa mahali pa kulala. La tatu ni haki ya kuonana: mzazi asiyeishi na mtoto anamwona lini, anamchukua wikiendi zipi, likizo inakuwaje. Mzazi anaweza kukosa la kwanza na bado akawa na wajibu wote wa la pili na haki kamili ya la tatu. Mtoto kukaa kwa mama hakumfanyi baba kuwa mgeni, wala kukaa kwa baba hakumfuti mama.

Ugomvi mwingi ninaousikia mjini hapa unatokana na kuyafunga haya kwa kamba moja. Mama anasema: "Huleti hela, humwoni." Baba anajibu: "Hunipi mtoto, situmi hela." Kila mmoja anajiona ana haki, kwa sababu mwenzake ndiye aliyeanza. Lakini matunzo si tiketi ya mechi Uwanja wa Mkapa, kwamba ukilipa unaingia na usipolipa unabaki nje. Haki ya kula ni ya mtoto, na haki ya kumwona baba yake ni ya mtoto vilevile. Baba asipotuma hela, mtoto amenyimwa kimoja. Mama akimficha kwa sababu hiyo, mtoto sasa amenyimwa viwili. Kosa la mwenzako linapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii au mahakamani, halilipwi kwa mgongo wa mtoto.

Sheria zinazohusika ni mbili kubwa. Ya kwanza ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo inayozungumzia talaka, mali na watoto wa ndoa. Ya pili ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18 na kumpa haki zake mwenyewe, wazazi wake wawe walifunga ndoa au hawakufunga. Zote mbili ni za Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao na Mahakama za Kadhi zenye nguvu ya kisheria, kwa hiyo aliyeachana Unguja asijipime kwa makala haya.

Ile miaka saba

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ndicho kilichozaa maneno ya wifi. Kinasema kuna dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kinaongeza kwamba mahakama ikumbuke ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Basi. Hakuna mahali kinaposema kwamba siku ya kutimiza saba mtoto anahamia kwa baba.

Umewahi kwenda kwenye shughuli ukakuta kiti kimewekewa kanga? Kimeshikwa. Mwenye sababu nzito anaweza kuomba kanga isogezwe, lakini yeye ndiye mwenye kazi ya kujieleza. Mtoto akiwa chini ya miaka saba, kiti kina kanga ya mama. Baba anayetaka malezi ndiye anayepaswa kuonyesha kwa nini kwa mtoto huyu mahususi mambo yawe tofauti: labda mama amemtelekeza, anampiga kupita kiasi, au mtoto ameishi kwa baba tangu anyonyeshwe na ndiko alikozoea. Mtoto akivuka saba, kanga inaondolewa. Kuondoa kanga hakumkalishi baba. Kiti kinabaki wazi, wazazi wote wawili wanasimama sawa, na hakimu anaanza kutazama mtoto anafaa kuwa wapi. Kama mtoto huyo ameishi na mama miaka yote, anasoma vizuri na ana afya, mazoea hayo yenyewe yana uzito mkubwa upande wa mama.

Sheria ya Mtoto iliyokuja baadaye inataja umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake bila kuweka mstari wa saba. Nayo imeacha mlango wa kupinga.

Basi maneno ya mtaani yalitoka wapi? Nadhani yametoka pande mbili, na zote zinastahili heshima hata kama hazisemi kile tunachozisingizia. Waislamu wengi wa pwani hii ni wa madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo hadhana, yaani ulezi wa mtoto mdogo, ni ya mama mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, unaokadiriwa kuwa miaka saba hivi. Akifika hapo mtoto huchaguzwa kati ya wazazi wake. Huchaguzwa, habebwi. Kwa hiyo hata huko saba si tarehe ya kumkabidhi baba.

Upande wa pili ni mila. Kwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, mahari ikishatolewa mtoto ni wa ukoo wa baba, na mama ameachiwa amkuze tu. Ndiyo maana utamsikia mwanaume akisema, "Nilitoa ng'ombe, mtoto ni wangu." Lakini Dar es Salaam ni mji wa watu wa kila mkoa. Mluguru anayefuata ukoo wa mama atakuambia mtoto ni wa kwa mjomba. Mahakama ikisema ifuate mila, ifuate ipi? Sheria ya Ndoa imejibu kwa kuweka mpangilio: kinachotangulia mbele ya vyote ni ustawi wa mtoto, halafu ndiyo hutazamwa matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii yao. Mila haikutupwa, ila haiwezi kuukalia ustawi wa mtoto.

Hakimu anatazama nini

"Ustawi wa mtoto" au "maslahi ya mtoto" ni maneno makubwa yanayoweza kumaanisha lolote, kwa hiyo tuyashushe chini.

Chukulia wazazi wawili walioachana. Baba amehamia Kibada, Kigamboni, ana nyumba yake ya vyumba vitatu. Mama amebaki Mbagala kwenye chumba na sebule. Mtoto ana miaka tisa, anasoma darasa la tatu karibu na kwa mama, na bibi mzaa mama anaishi mtaa wa pili. Baba anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Kwa macho ya mtaani baba ana nyumba, basi mtoto aende. Kwa macho ya mahakama nyumba ni kitu kimoja tu. Nani atakuwepo mtoto akirudi shule? Akihamishwa shule katikati ya mwaka, nani atamsaidia kuzoea? Nafasi ya bibi aliyekuwa anampikia uji itashikwa na nani, dada wa kazi aliyeajiriwa wiki iliyopita?

Ukweli huu unakata pande zote mbili. Ikiwa mama ndiye anayesafiri kwenda kufuata mzigo wiki tatu kwa mwezi, na baba ndiye anayehudhuria vikao vya wazazi shuleni, anajua jina la mwalimu na anakumbuka mara ya mwisho mtoto aliugua malaria, basi baba ana hoja nzito. Nasema hili kwa akina baba waliokata tamaa: kinachopimwa ni ulezi ambao umekuwa ukiufanya, na ulezi una alama zake. Kuna kadi ya kliniki, ripoti za shule, majirani waliokuona.

Ndiyo maana afisa ustawi wa jamii ana nafasi kubwa. Mahakama inaweza kumtaka achunguze na kuandika taarifa. Anafika nyumbani kwa kila mzazi, anaona mtoto analala wapi, anaongea na walimu na majirani. Wapo wazazi wanaomwona kama mpelelezi na kumfungia mlango. Wanajiumiza wenyewe.

Sheria ya Mtoto inataka pia ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe pasipo sababu. Sheria ya Ndoa inaruhusu hakimu kumtazama kila mtoto kivyake, kwa hiyo si mwiko mmoja kukaa kwa mama na mwingine kwa baba, lakini ule ugawaji wa mtaani wa "wewe chukua wa kiume mimi nichukue wa kike" kana kwamba ni vyombo vya jikoni hauna msingi. Watoto ambao wameshapoteza nyumba ya pamoja wasipoteze na ndugu.

Kuna maoni ya mtoto mwenyewe. Yana uzito kama ameyatoa kwa uhuru wake. Neno hilo la uhuru ni muhimu, kwa sababu wazazi wengine huanza kumfundisha mtoto maneno ya kusema wiki moja kabla ya tarehe ya kesi, au kumnunulia baiskeli. Mtoto wa miaka kumi anayezungumza kama wakili anajulikana amefundishwa. Na mzigo unaomwachia mtoto huyo, wa kumkana mzazi mmoja mbele ya watu, hauishi hukumu ikishasomwa.

Mambo mengine ambayo watu huyaamini naweza kuyapitia haraka. Mama asiye na kipato hapotezi mtoto kwa sababu ya umaskini wake. Matunzo yapo kwa ajili hiyo hasa. Mama akiolewa tena, Sheria ya Ndoa haina kifungu kinachomnyang'anya mtoto moja kwa moja. Aliyechepuka hakosi malezi kama adhabu ya uzinzi wake. Swali ni kama mwenendo wake unamgusa mtoto. Kulala na mwanaume mwingine ni kosa dhidi ya mume. Kumfungia mtoto ndani peke yake usiku kucha ili uende kwa mwanaume huyo ni kosa dhidi ya mtoto, na hilo ndilo hakimu atakalolisikiliza.

Sasa bibi wa kijijini. Hili linahitaji kusemwa kwa upole kwa sababu wengi tumelelewa na bibi zetu na tunawashukuru. Sheria inaruhusu mtoto apewe ndugu mwingine au taasisi ya malezi pale tu kunapokuwa na mazingira ya kipekee yanayofanya isifae kukaa na mzazi yeyote kati ya wawili. Kinachotokea mjini ni kingine: mzazi anahisi mwenzake ataenda mahakamani, basi usiku mmoja anampandisha mtoto basi la mkoani. Mwenzake akiuliza anaambiwa "yuko kwa bibi". Kama tayari kuna amri ya malezi, kumwondoa mtoto kwa mtu aliyekabidhiwa kisheria ni kosa. Hata kama amri haijatoka, mtoto aliyekatishwa shule na kufichwa mkoani ni picha mbaya sana kwa aliyemficha.

Hela

Hapa ndipo maneno ni mengi. Nianze na la kale. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba matunzo ya mtoto ni shilingi mia kwa mwezi. Hawakulitunga. Sheria ya zamani iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo hicho, na ikaendelea kuwepo vitabuni hata baada ya shilingi mia kushindwa kununua mkate. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo iliyoifuta. Kwa hiyo mwanaume anayetuma kiduchu akidai ndicho sheria inachotaka, anasoma kitabu kilichofungwa zamani.

Wengine, kwa kuangalia filamu za nje, wanaamini kuna asilimia ya mshahara inayokatwa. Kwetu sheria haikuweka asilimia. Mahakama hutazama kipato na mali za wazazi, jambo lolote linalopunguza uwezo wao wa kuingiza kipato, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Zaidi ya hapo, mtoto ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana. Aliyekuwa anasoma shule ya kulipia hapaswi kuhamishwa kwa sababu tu baba amekasirika, ikiwa uwezo bado upo.

Kwa kuwa hakuna kiwango, anayefika na hesabu ndiye anayesikika. Tuchukue mfano wa mtoto mmoja wa shule ya msingi Mbagala, tarakimu ni za kukadiria tu. Chakula shilingi 3,000 kwa siku, ni 90,000 kwa mwezi. Nauli na cha kutafuna shuleni 1,000 kwa siku 22 za masomo, ni 22,000. Sare, viatu na madaftari 180,000 kwa mwaka, ukigawa ni 15,000 kwa mwezi. Matibabu tuweke 20,000. Sehemu yake ya kodi ya nyumba 30,000. Jumla 177,000. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na wapo akina baba wanaosema "elimu ni bure, hela ya nini?" Tazama hesabu hiyo tena: ada haimo hata shilingi moja.

Hesabu hiyo haimaanishi baba ataamriwa kulipa 177,000. Kama anaendesha bajaji ya mtu na ana watoto wengine wawili, hakimu atalizingatia. Kama mama anauza chakula na anapata kitu, nalo litaingia. Lakini hakimu aliyewekewa karatasi hii mbele yake ana mahali pa kuanzia, tofauti na aliyeambiwa "huyu mwanaume ni mkatili, nataka laki tano".

Nani hasa analipa? Sheria ya Ndoa inaanza na baba: ni wajibu wake kuwatunza watoto wake wadogo, wawe kwake au kwa mtu mwingine, kwa kadiri ya uwezo na hali yake. Mama anaingia pale baba amefariki, hajulikani alipo, au uwezo wake haufiki. Sheria ya Mtoto, ambayo ni changa zaidi, inawatazama wazazi wote wawili. Kwa maoni yangu huu mtazamo wa pili ndio unaofanana na mji wetu wa leo, ambapo wapo akina mama wanaopokea mshahara mkubwa kuliko waume zao wa zamani. Wajibu wa baba, hata hivyo, haukulegezwa na hilo.

Akina baba wana malalamiko yao: "Natuma hela ya mtoto, anasukia nywele." Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingi ni kutojua bei ya unga. Kwa vyovyote dawa si kuacha kutuma. Sheria yenyewe inasema wajibu unaweza kutimizwa kwa kutoa vitu au kwa kulipa gharama zake. Baba anaweza kuomba alipe shule moja kwa moja na alipie matibabu, kisha atume ya chakula tu. Muhimu iandikwe, na kila malipo yaache alama. Kutuma kwa simu ni bora kuliko kumpa mkononi shangazi wa mtoto, kwa sababu ujumbe wa muamala hausahau.

Usichanganye matunzo ya mtoto na mgawanyo wa mali ya ndoa, wala na matunzo ya mke aliyeachwa. Ni maombi tofauti. Mwanamke anaweza kupata sehemu ya nyumba kwa mchango wake, na Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani ni mchango, na mtoto bado akadai matunzo yake pembeni. Mume asiseme "nilimwachia kitanda na friji, tumemalizana". Na mtoto hakuwa upande wowote wa makubaliano hayo.

Amri ya matunzo huisha mtoto akitimiza miaka 18, ila mahakama inaweza kuiendeleza kama bado yuko masomoni. Njiani inaweza kubadilishwa. Baba akifukuzwa kazi, au mtoto akigunduliwa ana ugonjwa unaohitaji dawa kila mwezi, anayeguswa anarudi mahakamani kuomba marekebisho. Anachokosea ni kuacha kulipa kimyakimya na kusubiri aitwe. Asiyelipa naye hupelekwa kwenye kukazia hukumu, na mahakama ina njia zake za kuipata hela hiyo.

Kwa waliozaa bila ndoa: haki ya matunzo ipo palepale. Mwanaume akikana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba kinachofanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kumkataa mtoto hadharani huku umewahi kumtolea matumizi si jambo rahisi kulitetea. Lakini kuna saa inayokimbia. Kwa kawaida ombi dhidi ya anayedaiwa kuwa baba linafunguliwa kabla ya mtoto kuzaliwa au ndani ya miezi 24 baada ya kuzaliwa. Likichelewa zaidi, mama atahitaji kuonyesha, kwa mfano, kwamba mwanaume alitoa hela ya matunzo ndani ya miezi hiyo 24. Mabinti wengi wanamsubiri "atabadilika tu" mpaka muda unapita. Tunzeni zile jumbe za simu.

Pa kuanzia

Aliyepewa talaka msikitini au aliyeandikiwa karatasi na wazee anaweza kudhani yamekwisha. Talaka ya dini ina heshima yake, lakini amri ya malezi na matunzo yenye nguvu ya kisheria hutolewa na mahakama. Anayetaka mahakama ivunje ndoa lazima, isipokuwa kwa sababu chache kama mwenza kutojulikana alipo, apitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Linaweza kuwa la kata, au la taasisi ya dini kama BAKWATA na makanisa. Usuluhishi ukishindikana baraza hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, ile wanayoiita fomu namba tatu, na hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama.

Kudai matunzo hakuhitaji safari hiyo yote. Mwanamke aliye ndani ya ndoa, mume amehamia kwa mwingine na kuacha watoto bila chakula, anaweza kudai matunzo leo bila kudai talaka. Na kesi ya talaka ikiwa inaendelea anaweza kuomba amri ya muda ili watoto wasilale njaa wakisubiri hukumu.

Wengi huanzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na ni mahali pazuri. Wazazi wanaitwa, wanakalishwa, wanaandikishana. Wengi humalizana hapo. Ila mjue kwamba anayevunja makubaliano ya ustawi hajavunja amri ya mahakama, kwa hiyo kama unaona mwenzako ni wa kusahau, yapeleke mbele. Kwa Dar es Salaam, mashauri ya ndoa na mirathi yana Kituo Jumuishi pale Temeke, kilichoanza kazi 2021, ambako mahakama za ngazi tofauti ziko chini ya paa moja. Maombi ya malezi na matunzo chini ya Sheria ya Mtoto husikilizwa na Mahakama ya Watoto, na ya Kisutu ndiyo inayofahamika zaidi. Asiyemudu wakili ana TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na msaada wa kisheria wa bure unatambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Simu 116 ni ya bure kwa taarifa za mtoto anayenyanyaswa. Lugha isiwatishe: tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu.

Jirani yangu alikwenda ustawi Jumatatu moja asubuhi. Alibeba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, ripoti mbili za shule, daftari la matumizi aliloanza kuandika wiki ile, na simu yenye miamala yote ambayo baba wa mtoto aliwahi kutuma, hata ile midogo. Usiku kucha alikuwa amejiandaa kueleza jinsi ndoa ilivyovunjika na nani alianza. Afisa alifungua faili, akamtazama, akauliza: "Mtoto anasoma shule gani, na asubuhi nani anampeleka?"